Kiti kimoja cha mtoto, magari matatu: je, naweza kukihamisha tu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mtoto wa miezi 14, kilo 10, na kaka yake wa miaka 6 mwenye urefu wa sentimita 112. Gari letu dogo lina ISOFIX, vile vyuma vya kwenye siti vya kushikia kiti cha mtoto. Baba yao anatumia pikapu ya kazini. Nyuma ya dereva ina vile viti vidogo vya kukunja vinavyotazamana. Tukiwa na safari ya ukoo tunapanda basi dogo lenye mikanda ya kiunoni tu. Je, kiti cha mdogo naweza kukihamisha kutoka gari hadi gari? Halafu nimeambiwa akishatimiza mwaka ageuzwe atazame mbele. Ni kweli? – Mama wa wawili

Jibu: Asante, mama. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Usimgeuze. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito mno kwa mwili wake, na mifupa ya shingo haijakomaa. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa kifua na mikanda huku kichwa kikirushwa, na shingo peke yake ndiyo inayokizuia. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa hupokewa na kiti kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, ile inayoandikwa R129 kwenye lebo ya viti vipya, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Uswidi wengi hukaa hivyo hadi karibu miaka 4. Miguu ikikunjamana kwenye siti isikutishe, watoto hukaa hivyo bila shida. Kinachokuambia muda umefika ni kikomo cha urefu na uzito kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe.

Kuhusu kuhamisha: kwanza tazama lebo na kitabu cha kiti. Vipo viti vinavyofungwa kwa vyuma vya ISOFIX peke yake, na hivyo kwenye gari lisilo na ISOFIX havina pa kushika. Usijaribu kukizungushia mkanda wa gari kwa ubunifu wako. Kama chako kinakubali njia zote mbili, kitakuwa na alama zinazoonyesha mkanda upite wapi, na njia ya kutazama nyuma si ile ya kutazama mbele. Kikiwa na mguu wa kukitegemeza sakafuni, chunguza hapo unapokanyaga: magari mengine yana kisanduku cha vitu chini ya zulia, na mfuniko wake huweza kubonyea siku ya ajali.

Ukishafunga, shika kiti pale mkanda unapopita, si juu, ukitikise kwa mkono mmoja. Kikicheza zaidi ya sentimita 2 na nusu, fungua uanze tena. Bonyeza kwa goti huku ukivuta mkanda. Kisha mfunge mtoto na ujaribu kuufinya mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, bado umelegea. Koti nene livuliwe kwanza. Niliwahi kukagua kiti ambacho mtoto alikuwa amefungwa vizuri ajabu. Nilipokigusa kikainuka chote, yeye akiwa ndani. Mkanda wa gari haukuwa umepitishwa kabisa, na baba yake alikaa kimya muda mrefu.

Pikapu ndiyo ngumu. Vile viti vya kutazamana, jibu ni hapana kwa watoto wote wawili. Viti vya watoto havikuundwa kwa siti za ubavu, na kwa mgongano wa mbele mtoto hurushwa kwa pembeni. Siti ya mbele nayo: kukiwa na mfuko wa hewa usiozimika, mtoto anayetazama nyuma asiwekwe hapo kamwe, kwa sababu mfuko hufumuka moja kwa moja kwenye mgongo wa kiti chake, kichwa kikiwa hapohapo. Ukiweza kuzimwa kwa ufunguo, uzime, na uhakikishe taa yake imewaka kwenye deshibodi. Na zile ndoano za kufungia mizigo nyuma ya siti si za kufungia mkanda wa juu wa kiti cha mtoto, hata zikifanana. Huko nyuma kwenye mizigo hakuna mtoto wa kupanda, hata kwa safari ya dakika mbili.

Kwenye basi, kiti cha mdogo kifungwe kwa mkanda wa kiunoni kama kitabu chake kinaruhusu, vipo vinavyoruhusu. Kumpakata hakumlindi. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kilo 10 zake zinavuta kama kilo 140, na hakuna mikono inayoweza kuzishika. Usijifunge naye mkanda mmoja pia, maana mwili wako ndio utakaombana.

Mkubwa anahitaji kiti cha kumwinua chenye mgongo mpaka afikishe kati ya sentimita 135 na 150, mkanda ulale kwenye nyonga na katikati ya bega, usipande tumboni wala shingoni. Lakini kiti hicho ni cha mkanda wa pointi tatu tu, ule unaopita kiunoni na begani. Kwenye basi lenu akae bila hicho, mkanda uvutwe chini ya tumbo na kukazwa, na mchagulie siti isiyokuwa na chuma wala kizuizi kigumu mbele yake. Kwenye gari dogo, siku asipokuwepo, funga mkanda juu ya kiti chake kitupu ili kisirukie wenzake wakati wa breki kali.