Beikari ya Zamani Igeuzwe Gereji?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa magari, nafanyia kazi chini ya mwembe kando ya barabara huku Mishomoroni, na askari wa kaunti hawaniachi nikapumua. Sasa nimepata jengo Tudor. Zamani lilikuwa beikari, limefungwa mwaka wa tatu huu. Mwenyewe ataka kilemba cha laki mbili, yaani pesa ya kunipisha niingie, na kodi elfu thelathini kwa mwezi. Asema leseni ya biashara iko, mimi ni kubadilisha jina tu. Nimpe?
Fundi, Mishomoroni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimpe, bado.

Leseni ya biashara haigeuzi beikari kuwa gereji. Kubadilisha matumizi ya jengo kunataka idhini ya mipango kutoka kaunti, hata kama hutagusa tofali moja. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na anayeanza bila idhini faini yake yaweza kufika shilingi 500,000, au jela isiyozidi miezi miwili, au vyote viwili. Na kilemba ukishakitoa ndio basi tena.

Kabla ya hapo, muulize huyo bwana: ardhi ni ya nani? Mombasa yetu waijua. Mtu ana nyumba, ana kuta na mabati yake, lakini kiwanja ni cha mwengine anayelipwa kodi ya ardhi tangu enzi za mababu. Ombi la kubadilisha matumizi linataka mtu mwenye haki ya ardhi inayosajilika, na wewe mwenye mapatano ya mdomo humo. Nenda ofisi ya ardhi ukapekue hati, usome na masharti yake. Kama yasema makazi, basi hata hiyo beikari ilikuwa ikistahimiliwa tu.

Karatasi zikiwa sawa, tafuteni mpangaji miji aliyesajiliwa awaandalie ombi. Kutatolewa tangazo, na majirani wana haki ya kupinga. Watangulie. Bisha hodi mlango hadi mlango, useme wafunga saa ngapi na magari ya kungoja zamu utayaweka wapi, maana vichochoro vya Tudor gari mbili tu na njia imeziba. Kunyoosha bodi na kupiga rangi usikutie kwenye ombi hili. Nyundo na harufu ya rangi ndizo zinazowaleta akina mama ofisini na barua. Kazi hiyo kaifanyie godauni la Shimanzi au Changamwe.

Lakini linaloniumiza kichwa mimi ni oili. Nimekaa miaka kwenye kazi hizi za mipango, na faili niliyoikumbuka nikisoma barua yako ni ya gereji moja, siitaji wapi, iliyokuwa ikimwaga oili chafu kwenye shimo la uani. Sakafu yao safi, ungeweza kulia wali. Nyumba ya nyuma yake ndoo ikitoka kisimani na utando unaometa rangirangi kama shingo ya njiwa. Kisiwa hiki tumekalia mawe ya matumbawe, yana matundu kama sifongo. Unachomwaga juu hakikai, chateremka hadi kwenye maji, na maji ya visima ndiyo watu wanayofulia na kuogea bomba likikauka. Beikari ilimwaga maji ya unga. Wewe utamwaga dizeli, grisi na maji ya betri.

Kwa hiyo kwenye ramani yako ionekane sakafu ya saruji isiyopitisha, mfereji wa kuizunguka, na chemba ya kutenganisha oili na maji kabla hayajafika kwenye mfereji mkubwa. Oili chafu iwe na mapipa yake yenye vifuniko, chini ya paa. Ukimpa jirani akapake nguzo zake dhidi ya mchwa, hilo si jibu la kuandika kwenye fomu.

Ukikataliwa una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo kuna mahakama ya mazingira na ardhi.

Ukirudi Tudor, chukua ndoo ya maji na chembe ya rangi ya chakula. Mwaga kwenye tundu la sakafu ya beikari, halafu zunguka nyuma utazame yanatokea wapi. Yasipotokea popote, niandikie tena kabla hujampa huyo bwana hata shilingi.