Mkate wa mayai: maswali yenu ya asubuhi

Maswali ya wiki hii yote yameelekea kikaangoni: ni slesi za mkate zilizochovywa kwenye mayai na maziwa, kisha zikakaangwa.

Dada, mkate wangu hupata rangi nzuri nje, lakini ndani ni uji mtupu. Nakosea wapi? – Mama wa watatu, Kakamega

Mama, naona unatumia mkate ulionunuliwa asubuhi hiyo hiyo. Mkate mpya una unyevu wake tayari. Ukiuchovya unalegea kabla haujafika motoni. Tumia wa jana, hata wa juzi, mradi hauna ukungu. Kama una mpya tu, panga slesi kwenye sinia usiku na uzifunike kwa kitambaa chepesi. Asubuhi zitakuwa zimekauka juu.

Kwa slesi 6, mayai 3 na maziwa mililita 150 yanatosha. Chovya sekunde 10 hadi 15 kila upande, usiache slesi kwenye bakuli ukaenda kumfunga mtoto viatu.

Kisha moto. Mimi hapa Nakuru hupikia jiko la makaa, na nikishaweka kikaango hufunga kimlango cha chini nusu ili makaa yatulie. Mafuta yawe na sauti ndogo, ya kunong'ona. Yakipiga kelele, nje itaungua ndani kungali kubichi. Upe mkate dakika 3 kila upande, halafu bonyeza katikati kwa kidole. Pakiinuka, umeiva. Yai likichuruzika, rudisha.

Mbona wangu huwa na nyuzi nyeupe za yai pembeni? – Kisumu

Ute haukuvunjika. Piga mayai peke yake kwanza, na chumvi kidogo, kabla ya kutia maziwa. Inua uma: yakitiririka bila kuvutana, yako tayari.

Sukari naitia ndani au juu? – Njoro

Juu. Ndani isizidi kijiko kimoja cha chai, kwa maana sukari huungua upesi na kuacha uchungu. Mimi hutia iliki iliyotwangwa muda huo huo, na utamu naungoja mezani: asali ya Baringo, au ndizi mbivu iliyopondwa. Jaribu ndizi, tafadhali. Watoto huacha kuulizia sukari.

Naondoka saa kumi na mbili alfajiri. Naweza kuchanganya mayai na maziwa usiku? Sina friji. – Kisumu

Hapana, ndugu yangu. Kwa joto la Kisumu, mayai yaliyopasuliwa na maziwa yakilala mezani ni mahali pazuri pa bakteria kuzaana, na tumbo ndilo litakalolipa. Usiku kausha slesi, twanga iliki, toa kikaango. Mayai yapasue asubuhi. Ni kazi ya dakika mbili.

Mume wangu ni mtu wa Mombasa. Nilimwambia nimempikia mkate wa mayai, akaniuliza keki iko wapi! – Nakuru

Hakukosea, nawe hukukosea. Pwani, mkate wa mayai ni ule wa kuoka: mayai na sukari hupigwa mpaka povu liwe zito na jeupe, ndipo unga na iliki vinaingia. Huu wetu wa slesi Wafaransa huuita pain perdu, yaani mkate uliopotea, kwa kuwa huokoa mkate mkavu ambao ungetupwa. Mpikie wake Jumamosi jioni. Kipande kitakachobaki kitafaa chai ya Jumapili, pembeni mwa huu wako.