Wazo Lako na Jina Lako: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma yote. Unasema ulibuni jedwali la kupanga makontena kufuatana na siku za bure, yaani za kukaa bila kulipiwa, zinavyokwisha pale bandarini, ili yale yanayokaribia kuanza kutozwa yashughulikiwe nyaraka zake kwanza. Mkuu wako wa kitengo kalipeleka kwenye kikao cha mameneja kana kwamba ni lake, nawe umekaa pale pale ukisikiliza anavyopongezwa. Unaniuliza: useme, au unyamaze ulinde kibarua?

Sema, mwanangu. Ila usiseme kwa hasira, wala usiseme kwenye grupu la WhatsApp la ofisi.

Unajua nimestaafu ukatibu muhtasi, na mihtasari ya vikao niliiandika mimi. Mtu alikuwa anatoa hoja nzuri, kikao kizima kinaitikia, lakini kwenye karatasi inaingia "wajumbe walishauri". Kikao kinachofuata, mkifika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, hakuna anayekumbuka hoja ilianzia kwa nani. Ila aliyeleta dokezo sabili, yaani karatasi ya maelezo ya ndani ya ofisi, lenye jina lake na tarehe, likapita masjala panapotunzwa mafaili, likafungwa kwenye faili na kupewa namba ya folio, yaani ya ukurasa, huyo hakuna aliyeweza kumfuta. Wakubwa walihamishwa, faili likabaki.

Kwa hiyo kesho asubuhi mwandikie mkuu wako barua pepe fupi: "Nashukuru jedwali nililoandaa limepokelewa vizuri. Naambatisha toleo lililoboreshwa." Hilo neno "nililoandaa" liache hapo hapo, usilipambe. Kisha muombe dakika chache, ninyi wawili tu, umwambie ungependa kuwasilisha matokeo mwenyewe kikao kijacho. Huenda hakukusudia ubaya. Wakuu wengi huona kazi ya kitengo ni kazi yao. Mpe nafasi ya kurekebisha. Akirudia mara ya pili, hapo utakuwa umemjua, na maandishi unayo.

Sheria usiitegemee sana. Hakimiliki hailindi wazo tupu, hulinda kilichoandikwa, na kazi uliyoifanya kwa mshahara mara nyingi huhesabiwa ni mali ya mwajiri. Na wewe hujadai umiliki. Unataka kutajwa, na hiyo ni haki yako.

Nimemkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yakiwa bado ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeingiza ya baridi. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likawa linamtania kwa maneno ya namna hiyo.

Hakunyamaza. Alipokuja Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama mbele ya wote waliokuwa wakimcheka akauliza swali lile lile. Osborne akaagiza lipimwe maabara. Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la fizikia la Uingereza, na jina la Mpemba likatangulia la mtaalamu. Hapo ndipo ninapomheshimu sana Osborne. Angeandika jina lake peke yake, nani angemuuliza? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye aliitoa bila kudaiwa. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa nini, lakini duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba.

Wewe hukubahatika kumpata Osborne, ndiyo maana nakusukuma uandike mapema. Na safari nyingine andika kwanza, ndipo uzungumze.

Jambo moja bado. Yule kijana uliyesema anakukusanyia tarehe za meli kila asubuhi, mtaje kwa jina lake kwenye hiyo barua pepe, na nakala apate.

Nipigie baada ya kuonana na mkuu wako.

Mama yako