Kabla upeleke maziwa maabara, jua unauliza nini

Wadau wa maziwa huku Nakuru, hii naandika juu naona watu wanalipa pesa nzuri maabara halafu wanarudi na karatasi imeandikwa imepita na bado hawajui kama maziwa yao yana shida ama hayana. Mimi natengeneza yogati na mala hapa mjini, maziwa nanunua kwa wakulima wa Bahati na Njoro, na kitu kazi hii imenifunza ni kwamba maabara inajibu kile umeuliza, basi. Ukiomba wapime mafuta watapima mafuta. Hakuna mtu atajiongeza aseme wacha nimwangalilie huyu mama na antibayotiki pia.

Tuanze na laktomita juu ndiyo kila mtu anaiamini. Ile inapima uzito wa maziwa tu, yaliyo sawa yanasoma kati ya 1.028 na 1.036 yakiwa nyuzi 20, yakitiwa maji inashuka, lakini mjanja akitia maji aongeze na sukari kidogo inapanda tena na wewe unabaki umefurahi. Ile ya spiriti nayo, unachanganya na maziwa sawa kwa sawa, yakikatika ujue yameanza kuchacha, hiyo inasaidia sana asubuhi mkulima akiwa amesimama mlangoni na mkebe wake. Lakini zote mbili hazijui lolote kuhusu dawa wala sumu. Maziwa yanaweza kupita hapo, yakanukia vizuri, yakawa na malai juu, na bado yana penisilini ndani.

Penisilini ukiwa mtu wa yogati utaijua tu. Mchanganyiko umeuweka kwa joto lake, chachu ni ile ya kila siku, asubuhi unafungua ndoo unapata majimaji kama maziwa ya chai. Watu wanalaumu chachu, wanalaumu stima ilipotea usiku. Chachu ni bakteria jamani, na dawa ya kuua bakteria haichagui huyu ni wa ugonjwa huyu ni wa yogati. Ng'ombe ameugua kiwele, amewekewa ile tyubu ya kwa chuchu, daktari amesema maziwa yamwagwe siku tatu ama zaidi vile imeandikwa kwa pakiti, na mkulima ana karo ya kulipa. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, ya hiyo chuchu moja nimemwaga yote, hizo zingine tatu ziko sawa," na alikuwa anasema kwa roho safi kabisa, hakuwa anajua dawa inaweza kuingia kwa damu ikatokea kwa chuchu zingine.

Hii unaweza kujipimia. Kuna vijiti vya kuchovya vinakupa jibu kwa dakika chache, na kuna ile ya vichupa vidogo vyenye rangi ya zambarau, ndani kuna mbegu za bakteria, unaweka maziwa kidogo unapasha kwa nyuzi 64 karibu masaa matatu hivi. Bakteria wakikua rangi inageuka manjano. Ikibaki zambarau kuna kitu kimewazuia, na hapo ndipo watu wanakimbia kugombana na mkulima, na hiyo rangi haijasema ni kitu gani! Maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kimevimba, dang'a, ama chupa uliosha na Jik hukuisuuza vizuri, yote yanaweza kubakisha zambarau. Peleka maabara kubwa, kuna mashine zinataja dawa kwa jina na kiasi chake, ulinganishe na kiwango, kwa mfano penisilini Codex, wale wanaweka viwango vya chakula vya dunia, wanaruhusu mikrogramu 4 kwa kilo ya maziwa. Ukiwa na hiyo karatasi ndiyo unaongea.

Sasa aflatoksini, ile sumu ya ukungu, hii ndiyo inaninyima usingizi. Wengi wanaikumbuka kwa mahindi, ule mwaka wa 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa. Wakulima wetu mahindi yakiota ukungu hayatupwi, yanapewa ng'ombe. Ng'ombe anakula ile aina inaitwa B1, ini lake linaigeuza kuwa M1, na ndani ya siku moja iko kwa maziwa. Kuchemsha haiiondoi, kutengeneza mala haiiondoi. Codex wanaruhusu mikrogramu 0.5 kwa kilo, Ulaya wameweka 0.05, mara kumi chini.

Kwa hivyo kama pesa ni kidogo, mimi nakushauri upime chakula cha ng'ombe kabla ya maziwa, yale mashudu na ule unga wa agroveti na ile saileji imefunuka pembeni. Lakini usichote kikombe kimoja juu ya gunia uende nacho, ukungu haukai sawasawa, gunia moja lina kona mbaya na kona safi, toboa magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya yote, ndiyo utoe kidogo cha kupeleka. Maziwa nayo koroga mkebe vizuri kwanza. Kama unataka kuhesabiwa bakteria yaweke kwa barafu bila kugandishwa na yafike siku hiyo hiyo, ya aflatoksini unaweza kugandisha.

Karatasi ikitoka, kabla upige nduru angalia kama namba ni ya mikrogramu ama nanogramu. Kuna rafiki yangu alipigia nusu ya Nakuru simu juu ameona aflatoksini 310, kumbe maabara imeandika kwa nanogramu, na 310 hiyo ni mikrogramu 0.31, iko chini ya 0.5. Na ukiona ND usifikiri ni sifuri, maana yake mashine yao haikuona, sasa waulize mashine inaanzia kuona wapi. Kama inaanzia 0.5 na wewe unauzia mtu anataka 0.05, hiyo ND haikusaidii kitu. Uliza pia kama hicho kipimo chenyewe kimepewa ithibati, yaani wamekaguliwa na kupewa cheti cha kukifanya, kuna maabara ina cheti cha kupima mafuta na protini na haina cha aflatoksini.

Watu wa samaki Kisumu haya mambo wanayajua zamani, mwaka wa 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria juu ya dawa za wadudu, ndiyo utaona viwanda vya kuuza nje haviongei bila karatasi. Sisi wa maziwa ya mtaani hakuna mtu anatuuliza, so lazima tujiulize.

Ukibadilisha chakula cha ng'ombe ngoja kama wiki moja kabla upime tena, M1 inashuka ndani ya siku chache. Na kila ukitoa sampuli toa chupa mbili, moja ya maabara, ya pili iandike tarehe na jina la mkulima uweke friza, mkulima akikataa majibu mnapeleka hiyo pamoja kwa maabara ingine.