Kuuza 240Z ya marehemu mzee
Pole kwa kumpoteza mzee. Kabla ya kutafuta mnunuzi wa hilo gari lake la zamani unalotaka kuuza, Datsun 240Z, angalia logibuku (hati ya umiliki wa gari): kama bado ina jina lake, utahitaji hati ya mirathi kutoka mahakamani ndipo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, wahamishe umiliki. Na usiipige rangi mpya, tafadhali! Mnunuzi makini hutaka kuona bodi ilivyo, kutu na yote, na namba ya chasi ilingane na logibuku. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally 1971 na 1973, na sheria ya Kenya ya kutoingiza nchini magari yaliyozidi miaka minane inazuia kuleta mengine kwa urahisi. Kwa hiyo dalali akikupa bei ya vyuma chakavu, kataa. Wapenzi wa kweli wa gari hili utawapata kwenye Concours d'Elegance, maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri, Ngong Racecourse, Nairobi.