Pengo lenye Kimo cha Mtu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Sanaa inaweza kufanya nini mbele ya dola inayowapoteza raia wake?" Wengi watataja nyimbo za maandamano, na wana haki. Mimi nitajibu kwa karatasi, viraka na ngoma, kwa sababu neno lililonishika katika swali lenu ni hilo la kupoteza.

Mfungwa ana namba, na jamaa zake wana mlango wa kubisha. Marehemu ana kaburi. Aliyepotezwa hana kimojawapo, na dola inasema haimjui. Mwaka 1979 Jenerali Videla, mtawala wa kijeshi wa Argentina, aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliyetoweka si hai wala si mfu, ametoweka tu. Kauli hiyo ilikuwa silaha. Pasipo maiti ni vigumu kupata kesi, pasipo kesi hapana mshitakiwa, na nyumbani watu hawajui waanue matanga au waendelee kungoja. Sanaa ninayoiheshimu kuliko zote ni ile iliyompa mwili mtu aliyenyimwa mwili.

Tarehe 21 Septemba 1983, majenerali wakiwa bado madarakani, Akina Mama wa Plaza de Mayo, yaani mama za waliopotezwa waliokuwa wakiandamana kwenye uwanja wenye jina hilo, waliitisha maandamano katikati ya Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Wasanii watatu, Rodolfo Aguerreberry, Julio Flores na Guillermo Kexel, walikuja na karatasi, rangi na wazo zito: wachore maumbo ya watu kwa kimo chao halisi, hadi yafike 30,000, idadi ambayo watetezi wa haki za binadamu huitaja kuwa ndiyo ya waliopotezwa. Watu watatu wasingeweza kazi hiyo, na hapo ndipo ikawa ya umma. Mtu alilala juu ya karatasi, mwenzake akamchora kumzunguka, kisha akainuka, na pale alipolala pakabaki umbo tupu. Alikuwa amemwazima mwili wake mtu ambaye huenda hakuwahi kumjua.

Akina Mama hawakutaka maumbo yale yalazwe chini. Yabandikwe ukutani yakiwa yamesimama, kwani kuyalaza kungekuwa sawa na kukiri kwamba watoto wao wamekufa kabla dola haijaeleza imewafanya nini. Yalikuwemo ya wajawazito, yalikuwemo ya watoto wadogo. Mwanzoni hayakukusudiwa kuwa na majina, lakini watu walianza kuyaandika wenyewe, jina na siku mtu alipochukuliwa. Kila nikitazama picha za kuta zile narudi kwenye maandishi hayo ya haraka haraka. Hakuna msanii aliyeyapanga. Ni mtu aliyeona umbo tupu akamtambua wake.

Majenerali waliondoka Desemba mwaka uleule, na sitadai kwamba karatasi ndizo zilizowang'oa. Walikwisha kushindwa vita dhidi ya Uingereza vya kugombea visiwa vya Malvinas (Falkland), na uchumi ulikuwa umewaelemea. Lakini tume iliyoundwa na serikali ya kiraia iliorodhesha watu 8,961 waliotoweka, na mwaka 1985 wakuu wa jeshi wakasimama kizimbani. Orodha ya namna hiyo haianzii ofisini. Huanzia kwa watu ambao kwa miaka walikataa kuambiwa kuwa waliyemzaa hajulikani alipo.

Nchini Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, kazi hiyo ilifanywa na sindano. Wanawake walikusanyika chini ya mwavuli wa kanisa wakashona picha kwa viraka juu ya kitambaa cha gunia: askari mlangoni, mama akiwa na picha ya mwanawe kifuani. Viraka vingine vilikatwa kwenye nguo za waliopotezwa wenyewe. Vicaría de la Solidaridad, ofisi ya Kanisa Katoliki iliyowatetea walioteswa, iliwasaidia kuzipeleka kazi zao nje ya nchi, zikauzwa huko. Hivyo shati la mtu ambaye serikali ilimkana lilivuka mpaka likamshuhudia, na fedha zikarudi kulisha watoto.

Halafu kuna cueca, ngoma ya wawili, mwanamume na mwanamke wakizungukana na leso mkononi. Mwaka 1978 jamaa wa kike wa waliopotezwa waliicheza bila mwenzi, picha imebanwa kifuani, mahali pa mwanamume pakiachwa wazi. Mwaka uliofuata serikali ya Jenerali Pinochet, aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi yale ya 1973, ikaitangaza cueca kuwa ngoma ya taifa! Tangu hapo kila mwanamke aliyecheza peke yake alikuwa akiicheza ngoma ya dola yenyewe, akionyesha nani ameondolewa uwanjani.

Kuna atakayenijibu kwamba hapana umbo la karatasi lililomrudisha mtu nyumbani. Ni kweli, na inauma. Azucena Villaflor, mmoja wa waasisi wa Akina Mama wa Plaza de Mayo mwaka 1977, naye alitekwa Desemba mwaka huohuo. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2005, na majivu yake yakazikwa pale pale uwanjani alipokuwa akizunguka na wenzake. Chini, kwenye sakafu ya uwanja, vimechorwa vitambaa vyeupe vya kichwani, vile walivyojifunga akina mama ili watambuane. Vya kwanza vilikuwa nepi za watoto.