Muulize Mwalimu Mstaafu: Mzigo Mara Mbili, Mchapuko Pungufu

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nafundisha fizikia Kidato cha Tatu na maabara yetu haina vifaa vya maana. Tumeunda kitoroli cha mbao cha gramu 500, tukakifunga uzi unaopita kwenye kapi ukingoni mwa meza, na mwisho wa uzi tunaning'iniza vifuko vya mchanga vya gramu 100. Muda wa kukimbia sentimita 50 tunaupima kwa video ya simu. Kifuko kimoja kilitupa sekunde 0.78, viwili sekunde 0.60. Nikikokotoa, mchapuko (kiasi mwendo unavyoongezeka kila sekunde) umetoka 1.64 hadi 2.78, yaani mara 1.7 tu, wakati kani, yaani nguvu ya kuvuta, imekuwa mara mbili! Wanafunzi wanasema ni msuguano. Niwajibu nini?
Mwalimu, Songea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo video imewaokoa. Saa ya kubonyeza ingewapotosha, maana kidole cha binadamu huchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde.

Sasa, msuguano umesingiziwa. Hesabu ikigoma tu, wanafunzi (na walimu, tusifichane) humbebesha yeye lawama. Msuguano hula karibu kiasi kilekile cha kani, mzigo uwe mdogo au mkubwa. Tuseme unakula niutoni 0.2. Kati ya niutoni 1 ya kifuko kimoja inabaki 0.8, kati ya niutoni 2 za viwili inabaki 1.8. Hiyo ni zaidi ya mara mbili, nanyi mmepata pungufu. Mshtakiwa aachiwe.

Mwizi ni kifuko chenyewe. Kinavuta, ndiyo, lakini nacho kinakwenda, tena kwa mchapuko uleule wa kitoroli. Kwa hiyo kani haiendeshi gramu 500. Inaendesha 600, na mlipoongeza kifuko cha pili, 700. Niutoni 1 gawanya kwa kilo 0.6 ni 1.67; niutoni 2 kwa kilo 0.7 ni 2.86. Linganisha na namba zenu. Kwa mbao na mchanga, mimi ningezibandika ukutani.

Safari ijayo pakieni vifuko vyote vinne: kimoja kwenye uzi, vitatu juu ya kitoroli, kisha mhamishe kimoja kimoja. Jumla inabaki gramu 900 daima, kani pekee ndiyo inayobadilika, na mchapuko unapaswa kuwa karibu na 1.11, 2.22, halafu 3.33. Msuguano nao ushughulikieni kabla: inua kwa madaftari ule upande wa njia ya kitoroli ulio mbali na kapi, mpaka kitoroli kisicho na uzi, kikisukumwa kidogo, kiende kwa mwendo usiobadilika. Kikianza kuondoka chenyewe, umezidisha.

Mkifika kwenye tungamo (hizo gramu zinazoendeshwa), acheni kifuko kimoja kining'inie na mwongeze mizigo juu ya kitoroli, mkihesabu na kile cha kwenye uzi. Grafu ichorwe mchapuko dhidi ya 1 gawanya kwa tungamo, ipatikane mstari ulionyooka. Wakitumia tungamo lenyewe watapata mkunjo, na kwenye mkunjo kila mtu huona anachotaka kuona.

Na mweke gunia ukingoni mwa meza. Kwa vifuko vitatu kitoroli kinamaliza zile sentimita 50 kikiwa na mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde, na kapi la kuazima halitastahimili.